Kongosho la Fundi Kimya

Wateja ndio waliomwita Fundi Kimya, na mkewe hakubisha. Mwanamume gani huyu, sindano inamchoma kidole hasemi hata "aa"! Miaka ishirini na sita walikuwa chumba kimoja cha kazi, yeye kwenye cherehani, mkewe kwenye kiti cha pembeni akitia vifungo na kupiga soga kwa niaba ya wote wawili. Na mke huyo alimpenda mumewe, jamani. Alimpenda mpaka kucha alikuwa anamkata yeye.

Jumatatu moja, baada tu ya chakula cha mchana, Kimya akashikwa na tumbo. Lilianzia juu, chini ya chembe cha moyo, likapenya mpaka mgongoni. Akatapika. Mkewe akamwambia alale. Akilala chali, uso unakunjamana. Akirudi kwenye cherehani na kuinamia kitambaa, anapata nafuu. Basi akashona. Akashona mpaka Jumanne jioni, sare za shule kumi na mbili, bila kutia kitu tumboni. Mkewe akautazama mgongo ule uliopinda kama siku zote, akajisemea kwamba mtu mgonjwa hafanyi kazi hivi. Akampa vidonge vya vidonda vya tumbo alivyoviacha shemeji yake, maisha yakaendelea.

Jumatano asubuhi alimkuta ameegemea cherehani, jasho linamtiririka, macho ya manjano. Alipiga yowe, majirani wote wakatoka nje.

Hospitalini daktari, binti ambaye mama huyu angeweza kumzaa kabisa, aliuliza kama baba anakunywa pombe.

"Pombe!" Mke wa Kimya akawaka. "Huyu hata soda anaiogopa!"

"Sijamtukana, mama. Pombe ni chanzo kimojawapo. Kingine ni mawe ya nyongo."

Akamchorea kwenye karatasi. Kongosho limelala nyuma ya tumbo, linatengeneza maji ya kusaga chakula. Jiwe dogo lilikuwa limetoka kwenye mfuko wa nyongo likaziba njia, kongosho likavimba, na yale maji sasa yalikuwa yanalisaga lenyewe.

"Ukilala chali linauma zaidi, ukiinama mbele linapoa kidogo," daktari akasema. "Sehemu yake imeshakufa, mama. Na figo zimeanza kuchoka. Hali yake si nzuri."

Ukiinama! Mke wa Kimya akaukumbuka mgongo ule juu ya cherehani, akakaa chini sakafuni palepale.

Jiwe lilitolewa kwa mpira uliopitishwa kinywani, lakini Kimya akalala siku kumi na moja chumba cha mahututi, mashine ikimsaidia kupumua. Mkewe aliruhusiwa dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Alizijaza zote kwa habari za mtaani, nani kaoa, nani kanuniana na nani. Hakujibiwa, ila hilo kwake halikuwa jipya. Akitoka nje ndipo alipolia.

Siku ya kumi na mbili Kimya akafumbua macho, mashine ikaondolewa. Mkewe hakungoja hata salamu.

"Nisamehe, mume wangu. Nilikuona unashona, nikajua umepona."

"Nilikuona umefurahi niliporudi kushona," Kimya akanong'ona, sauti imekauka. "Sikutaka kukuharibia."

"Sasa ningekuzika na furaha yangu hiyo, ingenisaidia nini? Hebu niambie!"

Daktari akaingia. Akaeleza kwamba bado hawajavuka: usaha unaweza kujikusanya pale palipokufa, sukari inaweza kupanda, na akipata nguvu mfuko wa nyongo lazima utolewe, la sivyo mawe yatarudia mchezo uleule. Kisha akambonyeza tumbo.

"Inauma, baba?"

Kimya akatikisa kichwa. Akamtupia mkewe jicho. Mkewe alikuwa amemshika mguu kwa mikono miwili, hasemi neno.

"Inauma," akasema.

"Na hapa?"

"Hapo inauma sana, daktari. Mpaka mgongoni. Naogopa."

Mkewe akaangua kilio na kicheko kwa pamoja, akamwambia daktari aandike, aandike yote upesi, kabla mtu huyu hajanyamaza tena.