Jina Nililoliita Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, kitambaa cha kupangusia na kipande cha sabuni, nikaambiwa nisiguse karatasi. Ilikuwa dispansari ya wanajeshi waliostaafu na waliojeruhiwa, upande wa Mutanga Nord. Mimi natoka Kinama, na shule nilisoma miaka miwili tu. Ajida, mkuu wa ofisi, mtu mwembamba aliyepiga pasi shati lake hata siku za risasi, alinionyesha kabati la fishi. Fishi ni karatasi ngumu iliyoandikwa jina la mwanajeshi, kambi yake na kidonda anachotibiwa.

"Bila fishi hakuna mutu," aliniambia. "Hata akisimama mbele yako anavuja damu."

Nilipangusa sakafu nikisikia majina yakiitwa kwenye gishe, lile dirisha la kutolea dawa. Majina hunikaa kichwani, ndivyo nilivyozaliwa. Siku moja mwita majina hakufika kwa sababu barabara ilifungwa, nikaweka ndoo chini nikawaita wote. Majoro, daktari mkubwa wetu, akatoka kutazama.

"Mama Spesi, nani alikufundisha kusoma?"

"Sisomi, Majoro. Nawajua."

Ndoo ikapata mtu mwingine.

Nyinyi vijana mmezoea namba kwenye kioo. Sisi tuliita kwa mdomo. Cheo kwanza, halafu jina, na unamtazama mtu machoni, si pale palipokatika. Enfirmiye, yule muuguzi wa ndani, hakuona foleni. Akisikia jina, anasukuma kifurushi kimoja cha bande, kitambaa cha kufungia, na dawa ya kidonda. Vifurushi vilifungwa asubuhi sawasawa na majina ya siku ile. Cha ziada hakikuwepo.

Halafu bomu likaanguka kwenye paa la chumba cha fishi, kabati lote likaungua. Kesho yake foleni ilifika barabarani, watu wamepita bariyeri ngapi za wanajeshi barabarani sijui, na hakuna aliyeweza kuonyesha kuwa alikuwa nani. Majoro akaniwekea kiti kando yake.

"Kuanzia leo fishi ni wewe."

Nikawa nataja jina, kambi na kidonda, Ajida anaandika upya. Siku tatu. Wanajeshi walitania ili wasiogope.

"Mama Spesi, angalia vizuri, usinipe mguu wa Evaristi."

"Wa Evaristi mwenyewe haupo, nitakupa nini?"

Ajida hakucheka. Aliniinamia sikioni. "Ukiingiza mmoja wa uongo, wakubwa watafunga gishe kwa wote. Umesikia?"

Nilisikia. Siku ya tatu, kwenye foleni, nikamwona Melkiyori, mdogo wa mume wangu, juu ya magongo yake mawili. Wanajeshi walimchukua kwenye bariyeri pamoja na wengine, wakabebeshwa kreti za risasi kupanda mlima. Huko akakanyaga bomu la ardhini. Mguu ulikatwa chini ya goti, na sasa kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Alipofika mbele alisema polepole, "Neno moja tu, shemeji."

"Huyu ni wa kambi gani?" Majoro akauliza.

Kalamu ya Ajida ilisimama. Nyuma ya Melkiyori niliona watu wangu wote wakingoja.

"Alibeba risasi za wanajeshi, Majoro. Mguu ulibaki huko huko."

"Sikuuliza alibeba nini. Alikuwa mwanajeshi?"

"Apana."

Majoro alinitazama kitambo. Mpaka leo nadhani alitaka nidanganye. "Hii amri sikuiandika mi," akasema. "Anayefuata."

"Siku ya kubeba hawakuniuliza fishi," Melkiyori alisema, akageuza magongo.

Anayefuata alikuwa Sajini Evaristi. Alichukua kifurushi chake, akaenda kuketi na Melkiyori ukutani, akaipasua bande katikati kwa meno, akamgawia na dawa. Nilipotoka akaniambia, "Zile kreti zilikuwa zetu, Mama Spesi. Mi nilikuwa mbele yake hatua kumi."

Lakini nusu ya dawa haiponyi mtu. Baada ya wiki mbili Evaristi naye alianza homa, na kidonda cha Melkiyori kilizidi kunuka. Jumanne iliyofuata, siku ya kugawa dawa, nilimwita Evaristi, akachukua. Nikaita majina mengine kumi na mawili. Halafu nikasema tena, kwa sauti ile ile, "Sajini Evaristi."

Evaristi alinitazama, akanyanyuka taratibu, akaja. Kifurushi cha pili kikatoka. Ajida akainua kichwa.

"Huyo umeshamuita."

"Nimemuita?"

"Umezeeka, we?"

"Labda, Ajida. Haya mabomu yamenichosha kichwa."

Jioni ile Kaporali Dewo, wa mwisho kwenye foleni, alikosa. Alikuwa ametembea kutoka Kajaga. Alirudi na kidonda cha mkono kikiwa kimefungwa kwa kipande cha shuka, akaniaga kwa heshima.

Nilifanya hivyo Jumanne nne. Vidonda vyote viwili vikafunga. Baada ya Jumanne ya nne Majoro aliniita ofisini, akaongea akitazama meza. "Tunakushukuru, Mama Spesi. Lakini kichwa kimeanza kukuacha, na gishe haiwezi kukosea." Wakanipa kitenge na Fanta. Nikashukuru, nikaenda nyumbani.

Sasa ni miaka mingi. Melkiyori anatengeneza redio Kinama, na akikaa na watu huwaambia shemeji yake alimkana mbele ya daktari. Ni kweli, nilimkana. Vifurushi anajua vilitoka kwa Evaristi, hajui kwamba niliita jina mara mbili, na Evaristi nilimwomba anyamaze, akanyamaza mpaka tulipomzika. Wajukuu huniuliza nani alistahili dawa ile. Kwa fishi, Melkiyori hakustahili. Kwa mguu, alistahili. Sijapata jibu la tatu.

Dispansari wanasema nilistaafishwa kwa sababu ya kusahau. Waliokosa ni wanne, kila Jumanne mmoja. Kaporali Dewo wa Kajaga, mkono wa kushoto. Sajini Onesimo, paja. Kaporali Fidele, bega. Na Tarsisi, askari asiye na cheo, jicho, ambaye hakurudi tena kwenye gishe.