Paa la Nyumba ya Mwalimu Valerian

Nyumba ya marehemu Mwalimu Valerian haikuanguka. Tuanze na hilo, maana hapa Pito watu wameiangusha kwa midomo mara nyingi kuliko upepo wenyewe. Kilichoondoka ni paa, pamoja na kipande cha juu cha ukuta wa mbele kilichogongwa na kenchi, mbao zinazobeba paa, ziliponyanyuka. Kuta nyingine zote zimesimama, madirisha yamo, na picha ya ndoa ya marehemu na mkewe Salome ilibaki imening'inia sebuleni ikinyeshewa bila hata kupinda. Nyumba iliyoanguka haibaki na picha ukutani.

Wala hakuna mtu aliyemtumia mtu upepo. Salome alifundisha Jiografia mpaka akastaafu, na kama kuna jambo lililomchosha katika maisha yake yote ya Sumbawanga, ni hili la kila radi na kila dhoruba kutafutiwa mwenyewe. Mwezi wa Novemba Ufipa yote iko wazi, mashamba yamelimwa na mahindi hayajaota, hakuna kitu cha kuuzuia upepo unaotangulia mvua za kwanza. Aliyetaka kujua umetoka wapi angekuja kumwuliza. Angemchorea.

Lakini maneno ya uchawi alikwisha kuyazoea. Yaliyomkera hata akashindwa kula ni haya: kwamba marehemu alijengea matofali mabichi. Kwamba mtu aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa la kigango, aliyesimama mbele ya watu kila Jumapili kuwakumbusha mafundi kwamba saruji ya Mungu haiendi nyumbani kwa mtu, kwake mwenyewe alibana, akachanganya yaliyoiva na yasiyoiva, kisha akaficha kwa lipu.

Maneno hayo yalianzia kwa Bertilla, wa jumuiya moja ya kanisa na Salome. Ilikuwa hivi. Kila tanuru lina matofali ya pembeni ambayo moto hauyafikii vizuri. Wengine huyachomeka katikati ya ukuta wakinyamaza. Valerian aliyatenga, akayajengea banda la nguruwe, na aliwaambia watu wazi kwamba haya ni ya nguruwe. Usiku ule upepo ulifuatwa na mvua ya mawe, banda likayeyuka. Asubuhi Bertilla akapita, akaona rundo la tope jekundu karibu na lango, akainua macho akaona hakuna paa, akaunganisha. Alipofika kwenye mashine ya kusaga, mdomoni mwake nyumba nzima ilikuwa imegeuka uji.

"Na ile ya Mayunga imesimama!" ndivyo walivyomalizia wote.

Ilisimama kweli. Mayunga, Msukuma aliyepanda kutoka bondeni Milepa na ng'ombe wake, alijenga ng'ambo ya njia nyumba ya mbao, ya nguzo na mabanzi ya paini. Salome aliwahi kusema kisimani kwamba pale pangefaa kuku. Alisema, na hajakana. Sasa watu walikuwa wakipita taratibu kati ya nyumba mbili hizo, wakitazama huku na huku kama walio mnadani.

Aliyefika wa kwanza asubuhi ile alikuwa Mayunga mwenyewe, bati kichwani.

"Shikamoo mama mwalimu. Bati zako nyingine ziko shambani kwa jirani yetu Shija. Moja imejikunja kabisa."

"Marahaba. Kwako mmesalimika?"

"Ilicheza, mama! Tulijua tunaondoka nayo. Mke wangu alikumbatia nguzo, nikamwambia, mama Rahel, hata siku ya harusi hukunishika hivyo."

Salome alicheka. Kwa wiki nzima hakucheka tena, kwa sababu mchana wa siku hiyohiyo alikuja shemeji yake Wilibrodi, mdogo wa marehemu, akiwa na ufumbuzi.

Wilibrodi alizunguka kuta, akazigonga kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Shemeji, tusidanganyane. Hizi si za kuwekea paa tena. Kaka aliharakisha, Mungu amrehemu. Tubomoe, tukujengee ya mbao kama ya huyu Msukuma. Vyumba viwili vinakutosha. Mbao ni nyepesi, inakwenda na upepo."

"Na matofali?"

"Nitayaondoa mimi. Usisumbuke."

Salome alimtazama. Kila mtu Pito alijua kwamba Wilibrodi ana msingi kwenye kiwanja chake unaoota majani kwa kukosa matofali.

"Shemeji, si umesema ni mabichi?"

"Siyo yote. Yapo mazuri."

"Umeyajuaje mazuri, nayo yamo ukutani na yana lipu?"

"Shemeji, mimi si mwanafunzi wako."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ungenijibu."

Wilibrodi akasema basi, ukoo utakaa Jumapili baada ya Misa, na katekista Isdori atakuwepo, ukoo utaamua. Hapo Salome alielewa kinachokwenda kuamuliwa. Zikibomolewa kuta, itakuwa imethibitishwa mbele ya watu kwamba mume wake alikuwa mwongo, na hakuna mtu atakayezijenga tena ili kusema kinyume.

Wilibrodi alipoondoka, Salome aliomba ngazi kwa Mayunga, akafunga kanga kiunoni, akapanda. Watoto wake wangemwona wangepiga kelele. Alichotaka kuona ni waya. Valerian alipojenga alizilaza waya nene ndani ya kozi za juu za matofali, akaziacha ncha ndefu, kisha akazizungusha kwenye kenchi na kuzikaza kwa koleo, kila kenchi kwa waya yake. Paa halikai kwa uzito wake, alikuwa akisema. Sharti lishikwe na ukuta. Waya zilikuwapo. Upande wa nyuma zilikuwa zimenyooka na kukatika kwa kuvutwa, zimechongoka. Upande wa mbele, pale ukuta ulipobaki, zote zilikuwa fupi, ncha zake bapa, zenye kutu ya muda mrefu. Zile hazikukatwa na upepo. Zilikatwa na koleo.

Salome alibaki juu ya ngazi akiwa na hasira, na wa kumwagiwa alikuwa ameshaondoka.

Kwa sababu alijua zilikatwa lini, na nani. Misa ya mwaka mmoja wa marehemu ilipokaribia, Wilibrodi alisema ni aibu kwa ukoo kumpokea padri kwenye nyumba isiyo na baraza. Wageni watakaa juani? Watu watakaotoka Muze watasemaje? Akaja na mbao zake, akalivuta paa kwa mbele, akapata baraza pana, lililo wazi, linalotazama mashariki ambako upepo wote wa Ufipa unatoka. Ili kuunga mbao mpya na kenchi za zamani, alikata waya zilizomzuia. Akapiga misumari, akapaka rangi. Padri alikaa kivulini, wageni walikula, kila mtu alisifu. Na Novemba upepo uliingia chini ya baraza lile, haukukuta waya za kulishika paa kwa mbele, ukalinyanyua lote, likagonga na kuondoka na kipande cha ukuta.

Nyumba ya Mayunga haikupona kwa sababu ya mbao. Ilipona kwa sababu imeshikana kutoka ardhini hadi juu na haina mdomo mbele. Mbao ina mchwa wake na moto wake, na Salome hatahamia kwenye mabanzi ili kumfurahisha mtu. Lakini iliyofungwa ni iliyofungwa.

Jumapili walikaa uani. Salome aliwagawia togwa, kisha akaweka ndoo ya maji miguuni pa katekista.

"Katekista, humo mna tofali kutoka ukuta ulioanguka. Limelala majini tangu jana. Naomba ulitoe."

Isdori akakunja mkono wa shati lake la Misa, akalitoa. Lilikuwa zima, kingo zote kali.

"Hilo umelichagua," Wilibrodi akasema.

"Rundo lile pale, shemeji. Kachague wewe."

Akaenda, akapekua kwa muda mrefu akitafuta baya. Akarudi na lililokatika kona. Likatumbukizwa. Watu wakanywa togwa, wakaongea habari za mbolea, wakamaliza, likatolewa. Kona ilikuwa imekatika vilevile, haikuongezeka. Isdori akayagonganisha mawili, yakatoa mlio mkavu.

"Haya yameiva," akasema. "Anayebisha alete ya kwake."

"Na lile tope la langoni?" Bertilla akauliza.

"La nguruwe, Bertilla," Salome akasema. "Nenda jikoni kwangu kawaulize, ndiko wanakolala tangu siku ile."

Uani kukalipuka kicheko, na Bertilla naye akacheka, lakini kwa shida. Wazee wakakubaliana kwamba kuta hazibomolewi. Paa litarudi bila baraza, kama alivyoomba Salome, na kenchi zitafungwa kwa waya kama mwanzo. Mayunga akasema atakuja na vijana wake kupandisha.

"Kama mwanzo?" Bertilla alikuwa ameshika neno, akamgeukia Salome. "Kwani za mwanzo zilikwenda wapi, Mama Kasmir?"

"Zimekatwa."

"Na nani?"

Wilibrodi alikuwa ameinamia kikombe kisicho na kitu. Asubuhi hiyohiyo kanisani ndoa ya binti yake Luciana ilikuwa imetangazwa kwa mara ya kwanza, na wakwe wa Muze walikuwa bado wanauliza huku na huku hawa ni watu wa namna gani. Salome aliona jinsi neno moja lingemrudishia shemeji yake kila alichosema juu ya marehemu. Alilitamani. Lakini jina la ukoo analotumia Wilibrodi ndilo wanalotumia na watoto wa Valerian.

"Marehemu alijenga kwa matofali yaliyoiva," akasema, "na paa lake alilifunga. Hilo nilitaka lijulikane, na limejulikana."

"Lakini waya, dada, mtu hawezi tu..."

"Nimemaliza, Bertilla."

"Hata sisi wa jumuiya?"

"Hata padri akiniuliza. Sisemi."