Suruali Mbele ya Wakwe

Juzi, katika duka la Mhindi mmoja hapa Nakuru anayekodisha filamu za kuonyeshea nyumbani, mama kutoka Keringet alitupa mkanda kwenye kaunta.

"Nilikuomba filamu ya vita! Umenipa ya bubu anayevukwa na suruali, nami nimeiwasha mbele ya wakwe! Wazee wametoka nje, posa ya msichana wangu imesimama!"

Mhindi akashika mdomo. "Mbele ya wakwe? Pole sana, mama. Waite tena, uwaonyeshe hii. Watu wanachinjana mpaka mwisho."

Mama akaupokea mkanda huo mwingine, akaukumbatia.

Nikashindwa kunyamaza. "Kwani damu ndiyo heshima?"

"Wewe umeolewa?" mama akaniuliza.

"Bado."

"Inaonekana," akasema Mhindi.

Wasomaji mlio na wakwe, nielezeni: posa gani hii inayostahimili maiti lakini inavunjwa na suruali?