Kufupisha Mafuriko

Sijawahi kuuchukia ukurasa kama ule. Kifungu cha Kiingereza kilihusu kijiji kilichokumbwa na mafuriko, na chini yake kulikuwa na mistari michache mitupu: andika muhtasari. Nafasi yangu katika chuo cha uuguzi, upande wa Zambia, ilitegemea mtihani huo. Nilikuwa nimeshaanguka mara moja, na chuo kilisema hakitaningoja tena.

Kiingereza chenyewe nilikielewa chote. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Mwalimu wangu wa jioni alikuwa amenipigia kelele mpaka sauti ikamkauka: "Banakuomba wazo moya, weye unabapa kijiji muzima! Kata!"

Kata, kata. Rahisi kusema. Kwetu Makomeno, ndugu wa mama akifika kutoka Kasenga, hukaa, hunywa maji, kisha hutoa habari kuanzia njiani: gari lilikwama wapi, samaki wanapatikana au hawapatikani, nani anaumwa, nani katuma salamu na kwa maneno gani. Akimruka mtu mmoja, mama anamrudisha nyuma. Habari fupi kwetu ni ya msiba tu. Mtu akiingia na kusema maneno mawili, watu wanashika kichwa kabla hajaketi.

Sasa katika kifungu kulikuwa na bibi aliyekataa kupanda mtumbwi bila mbuzi wake. Nilijua kabisa kwamba anatakiwa kukatwa. Nikamfuta. Nikamwona amebaki majini peke yake, nikamrudisha. Na mbuzi je? Na jirani aliyemsihi? Mistari ikaisha, nikaendelea pembeni mwa karatasi, muda ukaisha maji yakiwa bado hayajapungua. Nilitoka na hasira na kila mtu: na bibi, na mbuzi, na huyo mwandishi aliyewaweka pale halafu hataki watajwe.

Majibu yalikuja kwenye simu. Maelezo marefu, adabu nyingi. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani, akasimamisha mchi.

"Banasema nini?"

Nilifungua mdomo nianzie mwanzo, kama alivyonilea. Nikashindwa.

"Mama, nilianguka."

Akangoja mengine. Hayakuja. Akalaza mchi chini, akashika kichwa kwa mikono miwili.