Herufi tisa za sanduku la majani chai, na jibu ambalo sikulielewa

Wakuu, hamjambo wote. Hii niliipitia mwenyewe, na kama kuna chumvi humu basi ni ile ya jasho.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi kijana wa miaka ishirini, Standard Four kichwani, niko kwa kiwanda cha majani chai upande wa Kericho. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa kwenye masanduku. Unaweka bati lililokatwa herufi juu ya ubao, unapitisha brashi ya rangi nyeusi, unainua bati, maneno yanabaki.

Bati langu lilikuwa na jina la gredi moja tu: BROKEN ORANGE PEKOE.

Sasa mimi ni mtu wa ndoto. Nilitaka kuongea Kizungu kama redio. Kitabu sina, lakini bati ninalo! Siku moja wakati wa mapumziko nikafunika herufi zingine kwa karatasi, nikaacha P, E na N, nikisogeza bati herufi moja moja. Nikapiga.

PEN.

Wakuu, nilifurahi kama ng'ombe wangu amezaa mapacha.

Ukitoa zinazojirudia, mle mna herufi tisa tu: A, B, E, G, K, N, O, P, R. Lakini zinazaa hizo! OPEN. PAPER. GREEN. BAKER. Hata BANANA imo. Maana ya kila neno nilikuwa namuuliza Dresa Njoroge, yule wa kufunga watu vidonda pale dispensari, kwa sababu alikuwa na dikshonari.

Kila neno jipya nililipiga kwenye kipande cha ubao nikampelekea Chelangat. Yeye alikaa kwenye meza ndefu, akitoa vijiti kwenye majani makavu. Alikuwa amefika Standard Six huko misheni, kwa hivyo Kizungu alinishinda. Na alikuwa na kicheko kinachofanya mtu asahau brashi kwenye rangi.

"Leo umeleta nini, Kipng'eno?"

"APRON."

"Hiyo si ndiyo nimevaa? Niletee kitu sina."

Hapo ndipo nilinaswa, wakuu. Niliamua nitamwambia.

Lakini nimwambie na nini? LOVE haiwezekani, L haiko, V haiko. MARRY pia hapana. Hata I na YOU hazimo. Nilitafuta wiki nzima. Mwisho nikapata EAGER, ambayo Dresa alisema ni mtu mwenye hamu sana. Nikaona hapo hapo, huyo ni mimi.

Nikampelekea. Akaisoma, akainamisha uso.

Nikamwambia, "Wazazi wangu wako tayari kwenda kwenu Merigi Jumamosi. Lakini baba amesema hatapeleka miguu yake mahali msichana mwenyewe hataki. Nijibu. Na unijibu kwa herufi hizi hizi."

"Hizi tu?"

"Hizi tu," nikasema, kifua mbele.

Nilipofika kwetu ndipo akili ilirudi. YES haimo kwenye bati. NO imo.

Yaani nimempa msichana mlango mmoja tu, na huo mlango ni wa kunitoa nje! 

Alhamisi mchana nikakuta Chelangat amesimama karibu na mkebe wangu wa rangi. Akanipa kipande cha ubao. Rangi bado mbichi.

AGREE.

Najua nyinyi mmeshaanza kucheka. Mimi neno hilo sikulijua. Haki ya Mungu, sikulijua!

Akaniangalia. Nami, badala ya kuuliza, nikafanya uso wa karani. Nikasema, "Sawa. Nimesoma."

Akacheka, akarudi kwa meza yake.

Nikamwonyesha nyapara, mzee Arap Koske. Akaugeuza geuza ubao. "Hii ni gredi gani tena? Hawa wazungu wameongeza ingine na hawajaniambia?"

Nikakimbilia dispensari. Dresa Njoroge amepewa likizo, yuko Kapsoit kwa ndugu yake mwenye duka. Dikshonari ameenda nayo.

Na baba anataka jibu Ijumaa jioni.

Ijumaa nikatoka kazini mapema, nikaenda kwa miguu. Mvua ya huku mnaijua, haina salamu. Ubao niliuweka ndani ya shati. Nilipofika rangi ilikuwa imenichapa tumboni.

Nilimkuta Dresa nje ya duka ananyolewa, kichwa nusu povu. Akaniambia nitoe dikshonari kwa mkoba, akalamba kidole, akafungua kurasa polepole kama mtu wa kunitesa.

"A... G... Hapa. Kukubali. Kupatana, kuwa na neno moja." Akainua macho. "Wewe, umetembea kutoka kiwandani kwa sababu ya hii?"

Nikamkumbatia na povu lake. Kinyozi akapiga kelele niangalie wembe.

Sikumbuki njia ya kurudi. Nakumbuka baba akiwa mlangoni.

"Amesema nini?"

"Amekubali!"

"Amekuambia kwa mdomo?"

"Kwa bati."

Baba akamgeukia mama. "Huyu mtoto wako amekunywa rangi ya kiwanda."

Lakini walienda. Mara ya kwanza wakaambiwa warudi siku nyingine, ndiyo desturi yetu hata kama mnapendwa. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu nilimwona mama akipanda njia katikati ya mashamba ya chai, paji la uso linang'aa siagi. Kwetu siagi hiyo hupakwa wageni ombi lao likikubaliwa. Hakuhitaji kusema kitu. Nilikimbia nikaweka shavu langu hapo, nami ninukie.

Funzo langu ni moja, wakuu: usifanye uso wa karani mahali hujui. Nusura nipoteze mke kwa aibu ya kuuliza neno moja.

Juzi tu, tumeshazeeka, Chelangat ameniambia kwamba siku ile alijua kabisa sikuelewa.

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kuona kama utatafuta."

Nanyi, mlijibiwa vipi? Na wale wa mafumbo, chukueni hizo herufi tisa muone kama mtapata neno tamu kuliko langu. Nasoma comments zote, polepole.