Fundo la Kumsahaulisha Mama

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili unusu jioni, nikiwa na miaka tisa. Nimeikumbuka leo kwa sababu mwalimu wa Kiingereza alinisimamisha mbele ya Kidato cha Tatu kizima nieleze neno ‘knot’, maana zake na asili yake. Nilikuwa nimekariri kamusi: fundo la kamba, kipimo cha mwendo wa meli, halafu ndege mdogo wa ufuoni ambaye hata Waingereza hawana hakika jina lake lilitoka wapi. Nikafungua mdomo, nikaziona nyasi za mtaa wetu wa Baba Dogo, nikaanza kucheka peke yangu.

Enzi zetu (nina miaka kumi na saba, niheshimiwe), mtoto akichelewa nyumbani alifunga nyasi fundo ili mamake asahau kumchapa. Siku hizi wanatuma meseji. Sisi tulibana pumzi, tukakaza, tukaondoka bila kutazama nyuma. Jioni hiyo mimi na Zuhura wa mlango wa pili tuliruka blada mpaka mpira wenyewe ukakatika, na amri ya Mama ilikuwa saa kumi na mbili.

“Kwa kuchelewa huku, fundo dogo ni la nini?” Zuhura akasema. “Na vile mamako ana mkono mzito. Funga la kuvuka njia.”

Tukavuta nyasi za huku na za kule, tukazikutanisha katikati ya kijia cha kuingia ploti yetu ya nyumba za kupanga. Pumzi bado tumezibana, Mama akatokea kunitafuta, slipa miguuni, mwiko mkononi. Akanaswa na fundo, akaenda chini, pu.

Kunichapa akasahau kabisa. Dawa ilikuwa imeshika.

“Ni huyu Musa,” akasema akikanda mguu. “Keateka gani hakati nyasi? Kesho mwenye ploti atanisikia. Afutwe kazi.”

Babu Musa, mtunza ploti, ndiye aliyetukatia blada kutoka tyubu za baiskeli. Nikamwokotea Mama mwiko, nikamfuata ndani. Nililala nikimwona akilini akitoka getini, godoro kichwani.

Pale sasa ni kabro tupu, matofali ya saruji kila mahali. Watoto hawana hata jani la kufunga, na sijui wakifanya kosa wanajitetea na nini.

Asubuhi iliyofuata Mama alipoanguka, nilipasha maji, nikatia chumvi, nikamwingiza Mama mguu kwenye beseni. Kisha nikasimama karibu na mlango, nikamwambia fundo lilikuwa langu.