Kona ya Kaskazini

Gudveig Moseng alichora misingi ya majengo kwa miaka thelathini na moja katika ofisi ya wilaya, na hakuna mchoro hata mmoja uliobeba jina lake. Achore yeye, apige hesabu yeye, kisha mhandisi wa mwaka huo, kijana asiyejua baridi ya bonde hili, aweke sahihi yake chini. Alinyamaza kwa kuwa alikuwa na mama mgonjwa wa kumtunza. Alipostaafu, watu wa kijiji chake cha Skardmoen wakamwomba awachoree gereji ya trekta la kusukuma theluji. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza maishani, alipoandika pembeni mwa karatasi: G. Moseng.

Mwenyekiti wao, Oddleif Brenna, alitaka lichimbwe shimo la mita mbili na nusu kama alivyochimba babu yake. Baridi ya huku hushuka hadi huko, na udongo wenye maji ukiganda huvimba na kuinua kuta za zege kama vile hazina uzito. Gudveig akasema hakuna haja. Chimbeni nusu mita, mwageni kokoto, kisha tandazeni bodi za povu gumu chini ya sakafu yote, zizuie joto la ardhi lisitoke. Zitokeze nje ya ukuta pande zote, na kwenye kona zitokeze zaidi, maana kona hupigwa na baridi kutoka pande mbili.

"Yaani tujenge juu ya godoro?" Oddleif aliuliza, na watu wakaangua kicheko.

"Juu ya blanketi," Gudveig akajibu. "Na blanketi hilo msije mkalitoboa."

Walijenga kwa msaragambo mwezi Juni, kila nyumba ikitoa mikono yake. Gudveig aliandika namba kwenye kila bodi ya samawati kwa kalamu yake nyeusi, akasimamia mpaka ya mwisho ikafukiwa. Septemba akaenda mjini Trondheim kubadilishwa nyonga, akabaki kwa dada yake mpaka Februari.

Aliporudi, ukuta ulikuwa umepasuka. Ufa ulianzia kona ya kaskazini, mpana wa kuingia kidole. Mwezi Machi kona ile ikapanda zaidi, mlango ukakwama, trekta likafungiwa ndani siku mbili na theluji inamwagika. Basi la shule halikupita. Wee! Midomo ya watu ikapata kazi. Dukani wakambandika jina, Bibi Godoro, na hao ni watu waliokula keki zake za msaragambo! Gudveig alikwenda nyumbani, akatoa mchoro, akapiga hesabu upya mara nne. Haikuwa na kosa. Hasira ikamkaba, maana hesabu inayosema kweli haimsaidii mtu ambaye hakuna anayemsikiliza.

Mwishoni mwa Aprili ukaitishwa mkutano, nje, kwenye jua la ukuta wa kusini. Kila mtu alikuja na chupa yake ya kahawa na kikalio chake chembamba cha kuzuia baridi, akaketi kwenye zege mbele ya mlango. Gudveig alisimama, nyonga mpya haikutaka kukaa chini.

"Ajenda ni moja," Oddleif alisema. "Tubomoe, tujenge kama wazee. Na Jorid aandike kwenye kumbukumbu kwamba kosa ni la mchoro wa G. Moseng."

Jorid, katibu, akaandika.

"Ngoja kwanza," Gudveig alisema. "Ule mlingoti wa bendera pale kwenye kona ya kaskazini, mliusimika lini?"

"Oktoba. Tulitaka uwe tayari kwa sikukuu ya taifa ya Mei. Ulikuwa Trondheim, mama, tungekungoja?"

"Na chini mlikuta nini?"

"Mchanga na kokoto. Tungekuta nini, almasi?"

Watu wakacheka. Gudveig hakucheka. Alikuwa akimwangalia Oddleif, akajiuliza kwa nini mtu mfupi vile leo amekaa juu kuliko wote. Vikalio vya wenzake vilikuwa vyembamba. Cha Oddleif kilikuwa na unene wa sentimita kumi, rangi ya samawati, kingo zimekatwa kwa msumeno.

"Oddleif, simama."

"Nisimame kwa nini?"

"Simama, bwana!"

Alisimama nusu, akitaka kurudi, lakini Jorid alishakivuta kile kikalio na kukigeuza. Upande wa chini, kwa wino mweusi, palikuwa pameandikwa: kona ya kaskazini, 3. Jorid akamtazama mwenyekiti wake.

"Huu si mwandiko wa Gudveig?"

"Zilikuwa bodi mbili tu," Oddleif alisema, masikio yamemwiva. "Zilizuia shimo la mlingoti. Nikaona kuzitupa ni hasara."

"Nyingine iko wapi?"

"Chini ya kibanda cha mbwa."

"Mbwa wako analala kwenye joto, na jina langu mnalitandika bakora dukani!" Gudveig alikinyakua kile kipande mikononi mwa Jorid. "Miaka thelathini na moja nimechora, watu wengine wakasifiwa. Mchoro mmoja tu nimeuita wangu, nawe ukaukata kwa msumeno, ukaukalia majira yote ya baridi, kisha ukaja kunihukumu ukiwa juu yake! Huna haya?"

Jorid alifuta mstari aliouandika, akaufuta tena mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

"Keti, tumalize mkutano," Gudveig alisema, amekikumbatia kile kipande.

Oddleif akaketi kwenye zege tupu. Walijadili jinsi ya kuhamisha mlingoti na kurudisha bodi kabla ya baridi ijayo, na hakuna aliyetaja tena kubomoa. Baada ya dakika kumi mwenyekiti akaanza kujisogeza, mara tako hili, mara lile.

"Baridi?" Gudveig akamuuliza.

"Inapanda, ndiyo."

"Basi kaa hapohapo. Kona yangu imekaa hivyo tangu Oktoba."